Kikombe cha Karatasi na Kifungo cha Suruali

Nikiwa bado kijana wa kuchunga, fahali wa jirani yetu alikaa chini katikati ya mto. Tulikuwa tunampeleka mnadani Kenyenya, na tangu alfajiri alikuwa ametembea bila shida. Alipofika kwenye maji, tena maji yenyewe hayakufika magotini, akakunja miguu ya mbele, akakunja ya nyuma, akatulia. Watu wakaja. Unajua watu wetu, jambo likitokea njiani kila mtu ni mtaalamu. Mmoja akasema tumuume mkia. Mwingine akasema tumwimbie. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha mboga za managu akasema, "Mwacheni, anafikiri," akapita zake. Tulivuta, tukasukuma, tukamtukania mpaka baba yake. Mwishowe tukachoka, tukakaa ukingoni tukala ndizi za kuchemsha tulizofungiwa kwa jani la mgomba. Tulipogeuka alikuwa ng'ambo, amesimama, anakula nyasi kama mtu asiyetujua.

Kwa nini nimeanza na fahali? Kwa sababu asubuhi moja, nikiwa mzee tayari, mkono wangu wa kulia ulikaa chini namna hiyo hiyo.

Jana yake ulikuwa umechuma chai mpaka jioni. Asubuhi nikauambia ushike suruali, ukakataa. Haukuuma, ulining'inia tu kama mkono wa koti lililotundikwa. Hospitalini wakasema ni kiharusi, kidogo, nimshukuru Mungu. Nikamshukuru. Mdomo uliokuwa umeenda upande ukarudi, mguu nao ukarudi. Mkono ukabaki pale mtoni.

Mtu asiye wa kwetu atasema, si una mwingine? Ninao. Lakini mimi huvaa suruali za fundi mmoja wa Nyakoe, na fundi huyo ni mzee kama mimi, haamini zipu. Ni vifungo, na kile cha kiunoni kinataka mikono miwili. Mke wangu alishatangulia. Nyumbani tumebaki mimi na mke wa mwanangu na watoto wao wadogo, na mwanangu mwenyewe hufanya kazi Nakuru. Na sisi tuna chinsoni. Hiyo ni ile heshima yenye aibu ndani yake, ya mzazi na mtoto, na hasa ya baba na mke wa mwanawe. Mke wa mwanangu haingii chumbani mwangu. Chakula changu hukiweka mezani, akakohoa, akaondoka. Hatushikani mikono hata kwa salamu. Sasa ataanzaje kunifunga suruali?

Mwanangu akachukua likizo. Kila asubuhi alinifunga kifungo huku akitazama dirisha, nami nikitazama mabati. Kwa sheria hata yeye hakupaswa, lakini tulifanya kama vile hakuna mtu chumbani. Likizo ikaanza kuyeyuka. Binti yangu aliyeolewa upande wa Nyamira akapiga simu. "Baba, uje ukae kwetu, mume wangu amekubali."

Amekubali! Niende nikavalishwe katika boma la mtu aliyeniletea ng'ombe? Nilimwambia asante mwanangu, nikakata simu, nikakaa nikiutazama mgomba. Nilijua mwanangu akipanda gari bila mkono wangu kupona, nitakwenda. Nitatoka nyumbani kwangu kwa sababu ya kifungo.

Usiniulize habari ya suruali ya mpira. Tulijaribu. Mwanangu alininunulia moja ya buluu, ya wanariadha, yenye mistari ubavuni. Siku ya kwanza nilikuwa natoka chooni nikiishikilia kwa kushoto, jogoo akanipita katikati ya miguu, nikanyoosha mkono nisianguke. Suruali ikateremka. Mke wa mwanangu alikuwa anasuuza nguo pale uani. Beseni likaenda huku, yeye akaenda kule, akapotelea migombani mpaka saa ya chakula. Shati langu ni refu, Mungu ni mwema, hakuona kitu. Lakini zamani pangechinjwa mbuzi wa utakaso kwa jambo kama hilo. Ile suruali sasa anaivaa yule anayenikatia majani ya ng'ombe.

Basi ndipo nikaambiwa juu ya wazee wenye kiharusi kama mimi wanaokutana Nyanchwa, kule mlimani, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Mwalimu wao alikuwa msichana mpole, daktari wa viungo. Nilidhani atanipa vyuma vya kuinua. Akanipa karatasi.

"Mzee, leo tunakunja chura."

Nikamtazama. Shule niliiacha kabla sijajifunza kugawanya, lakini hata huko hatukukunja vyura.

Karatasi zenyewe zilileta kesi. Siku hiyo alikuwa amekuja na vijitabu vya zamani vya masomo ya Sabato. Hakuna aliyegusa. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu, mchuma chai wa tangu ujana, mwenye mkono wa kushoto uliokaza, akamwambia, "Binti, Neno la Mungu halikunjwi likawa chura." Msichana akaomba radhi, akatoka. Akarudi na mabango ya siasa yaliyobaki baada ya uchaguzi, akayakata vipande vya mraba. Hapo kila mtu akavuta lake. Karatasi ile ni nene, inashika mkunjo.

"Mimi nimempata mheshimiwa macho tu," bibi akasema, kisha akaniita mzee kwa lugha yetu. "Omogaka, wewe umepata nini?"

"Tai na kidevu."

"Mkunje kidevu, alituahidi barabara."

Tulicheka mpaka mzee mmoja akatokwa na machozi. Ukweli ni kwamba tangu mkono ukae chini sikuwa nimecheka.

Chura alinishinda, nikahamishiwa kikombe. Unakunja karatasi kona kwa kona, inakuwa kama leso ya kichwani. Unaleta pembe moja upande huu, nyingine upande ule. Juu panabaki ncha mbili. Moja unaichomeka ndani ya mfuko mdogo uliojitokeza mbele, na hapo ndipo kazi ilipo, maana lazima uibane kwa gumba na kidole cha pili. Msichana alisema mkono mbovu ufanye, ule mzima ushikilie tu. Mkono mzima ulikuwa na kiherehere, nikaukalia.

Nyumbani niliendelea. Karatasi ilikuwa inanipiga chenga, inafunguka. Nikakumbuka kwamba jani la mgomba huwezi kulikunja likiwa bichi. Unalipitisha kwanza juu ya moto linyong'onyee, ndipo linakubali kufunga unga au ndizi. Nikaenda jikoni, nikampitisha mheshimiwa juu ya jiko. Alishika moto kuanzia kwenye tai. Mke wa mwanangu akauliza kutoka nje, "Baba, kuna nini kinaungua?"

"Siasa," nikamjibu. Nilimsikia akicheka na kukimbia, maana kucheka mbele yangu pia si adabu.

Nilipomsimulia bibi, alipiga meza. "Huyu amechoma kiongozi! Kwa mkono wa kulia, au wa kushoto?"

Nikaitazama mikono yangu. Ulikuwa wa kulia. Niliishika karatasi ile juu ya moto kwa mkono wa kulia, na sikuwa nimetambua mpaka nilipoulizwa.

Wiki ya mwisho ya likizo, mwanangu alinipeleka mlimani akateremka mjini kuuliza habari za gari. Tulikuwa katikati ya vikombe nilipohisi haja, nikaenda chooni. Siku zote bawabu wa kanisa alinisaidia kifungo baadaye, mtu mzima mwenzangu, hana maneno. Nilipomaliza nikaita. Kimya. Nikaita tena. Nikasikia yuko getini anabishana na mtu wa boda boda.

Nikasimama pale kizani na suruali imeshikwa kwa kushoto. Nikapeleka ule wa kulia. Sikuuamuru. Gumba likakipata kifungo, kidole kikaja nyuma yake. Kikaponyoka. Nikakibana tena, nikakielekeza kwenye tundu kama ncha ya kikombe, polepole, ukingo kwanza. Kikaingia. Nikaachilia mikono yote miwili. Suruali ikabaki mahali pake.

Nikaegemea ukuta wa choo, nami si mtu wa kuegemea kuta za choo.

Bawabu akaja mbio. "Pole mzee, geuka nikufunge."

"Unifunge nini?"

Akatazama kiuno changu, akatazama uso wangu, akavua kofia.

Nikatoa simu, nikampigia mwanangu. "Kata tikiti ya Nakuru."

"Na kifungo, baba?"

"Kimefungwa."

Nikamsikia akipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua gunia. "Haya, baba," akasema. "Haya."

Ukumbini bibi alikuwa anauliza kwa sauti omogaka ameanguka chooni au vipi. Kikombe changu kilikuwa mezani, kimekunjwa nusu. Nikampungia bawabu mkono, ule wa kulia, nikapita getini, nikashika barabara ya kuteremka, na kule ukumbini sikurudi tena.