Mgeni Aliyelegeza Skrubu za Diski

Nawaomba msinicheke mpaka nimalize. Najua ukisimulia kitu kama hiki, wa kwanza atauliza ulikuwa umekunywa nini, wa pili atasema ni usingizi. Pombe situmii. Usingizi, hapo sibishi, nilikuwa nao mwingi. Lakini usingizi haufungui skrubu iliyoganda kwa kutu, na skrubu zile zilifunguka mbele ya macho yangu, na mpaka leo sijazitia tena machoni.

Tunaishi Chamazi, kule ndani ambako lami imekata tamaa. Mie nafanya kazi Kurasini, kwenye yadi ya makontena, zamu ya usiku. Mke wangu, mama Asha, figo zake hazifanyi kazi tena, kwa hiyo kila baada ya siku chache lazima awahi hospitali alfajiri akasafishwe damu. Akikosa siku moja tu miguu inavimba, na kulala chali hawezi kwa kukosa pumzi. Bajaji inamtapisha. Gari za kuagiza kwa simu, dereva akiona tunakokaa anakata safari. Tegemeo letu ni kigari chetu cha Kijapani, kikuukuu kuliko binti yetu Asha mwenyewe, na siku ninayoisimulia breki zake za mbele zilikuwa zinasaga chuma kwa chuma. Alfajiri ya kesho yake mama Asha alitakiwa hospitali.

Spea nilikuwa nazo, diski mpya na pedi zake. Aliyekosekana ni fundi. Side, fundi wetu wa siku zote, tangu asubuhi alikuwa njiani. "Nakuja braza, nipo hapa tu Rangi Tatu." Mchana bado yupo Rangi Tatu. Baada ya alasiri simu haipatikani. Mafundi wetu mnawajua, sina haja ya kuwasema. Mie nimetoka zamu, sijafumba jicho, nikajiambia nitafanya mwenyewe. Nimeshamwona Side akifanya, ugumu uko wapi?

Upande wa kulia ulinikubalia bila vurugu. Nikahamia kushoto. Nikapiga jeki, nikaingiza matofali chini, nikatoa tairi, nikafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi, nikaitundika kwa waya isije ikavuta mpira wa breki. Ikabaki diski. Ile diski imeshikwa usoni na skrubu mbili ndogo zenye vichwa vya nyota, na zote mbili zilikuwa zimeoza kwa kutu. Nikaweka bisibisi, nikakandamiza kwa uzito wangu wote, nikazungusha. Ikachomoka na kunichuna kidole. Nikapuliza dawa ya kutu, nikasubiri, nikaigonga bisibisi kwa nyundo ili kuishtua ile skrubu, nikajaribu tena. Wapi! Nyota zikaanza kulika, mwisho zikawa vishimo tu visivyoshika kitu. Nikaleta tindo nizisukume kwa pembeni, ikateleza. Nikakaa juu ya ndoo nikizitazama. Nawaambia ukweli, nilitaka kulia. Mtu mzima na ndevu zangu, nimeshindwa na kitu kidogo kama ncha ya kidole.

Mama Asha akaita kutoka dirishani. "Baba Asha, acha tu basi. Nitasubiri mpaka huyo Side aje."

"Nani kakwambia naacha?"

Alikuwa ananipa moyo tu. Kusubiri hawezi, na wote wawili tulijua. Miguu yake tangu mchana ilishaanza kujaa.

Umeme ukakatika. Msikitini wakaadhini magharibi. Nyumbani kwetu tulilelewa kwamba saa ile vyombo vya kazi vinawekwa chini na watu wanaingia ndani, kelele zinakoma. Siku ile nani alikuwa na nafasi ya kukumbuka malezi? Nikaendelea kugonga.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikajibu bila kugeuka.

Hebu niambieni, nani kati yetu huuliza kwanza wewe ni nani? Hodi ikibishwa mdomo unajijibu wenyewe. Mtu akaingia, akachuchumaa pembeni yangu. Kwa giza lile sikuweza kukisia umri wake, nikabaki sijui nimwamkie shikamoo au mambo. Nilichokiona vizuri ni shati lake jeupe la mikono mirefu.

"Side ndiye kakutuma?" nikauliza.

"Nimesikia nyundo," akasema. "Zimegoma?"

"Zimegoma, braza. Vichwa vimeshalika."

"Na mgonjwa anatoka saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema. Mgonjwa! Nani alimwambia kuna mgonjwa? Uchovu ni kitu kibaya sana, ndugu zangu. Swali lilipita sikioni kwangu kana kwamba kauliza la mvua.

Akaweka kidole juu ya skrubu ya kwanza. Aliweka tu, hakubonyeza, hakuzungusha, kama unavyomwekea mtoto kidole mdomoni anyamaze. Halafu akaanza kukirudisha nyuma taratibu, na skrubu ikamfuata, inazunguka yenyewe, inatoka. Niaminini. Ikafuata ya pili. Diski ikamlalia mikononi.

Hapo mtasema mngekimbia. Mie sikukimbia. Nilishukuru. Nilisikia raha, kwa sababu mke wangu atafika hospitali. Nikaingia ndani, nikamletea kikombe cha maji, akanywa, koo nililiona likipanda na kushuka.

"Sasa nikupe nini, braza?"

"Hizi nitakwenda nazo," akasema, na kiganja kilikuwa kimeshafumbwa juu ya zile skrubu.

"Chukua. Za nini tena?"

Akainuka akaelekea getini. Na mie, kwa adabu niliyofundishwa, nikamsindikiza kwa maneno. "Asante sana. Karibu tena. Karibu saa yoyote, hapa ni kwako."

Akasimama. "Saa yoyote?"

"Saa yoyote, usihofu."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepata alichokifuata, akatoka.

Nilifunga diski mpya, nikaweka pedi, nikarudisha tairi. Nilipokuwa nakaza nati za mwisho Side akapiga. "Braza, nipo njiani." Nikamwambia kazi imekwisha, mtu wake kanisaidia. Akashangaa, hajatuma mtu. Kuhusu skrubu akanitoa hofu, kwamba hata bila hizo gari linatembea, diski inabanwa na nati za tairi.

Jirani yetu mama Neema anakaanga samaki mkabala na geti letu, panya hapiti bila yeye kumwona. Nikamuuliza yule mtu wa shati jeupe kaelekea wapi.

"Mtu gani, shemeji? Tangu adhana naona unaongea peke yako. Nenda kalale."

Nikarudi kuokota vyombo. Kikombe kilikuwa juu ya ndoo, kimejaa maji hadi ukingoni, vilevile nilivyompa. Nikatazama mikono yangu, myeusi tii kwa vumbi la breki. Ndipo nikakumbuka kwamba diski ile chafu ilimlalia mikononi, na shati lake liliondoka jeupe vilevile.

Alfajiri tulifika hospitali, breki zinashika safi kabisa, mama Asha akasafishwa damu, akarudi anacheka. Ningekuwa na bahati kisa kingeishia hapo.

Hakikuishia. Siku chache baadaye, magharibi, tukasikia hodi. Safari hii tulinyamaza, maana mama Asha nilishamsimulia. Asubuhi kitasa cha mlango kikabaki mkononi mwangu, skrubu zake zote ziko sakafuni. Nikasema ni uchakavu. Ikaja hodi nyingine, asubuhi mpini wa sufuria ukachomoka na uji ukamwagika. Ikaja nyingine, kitanda kikaachia upande mmoja tukiwa tumelala. Kuitikia hatuitikii, lakini hahitaji tena kuitikiwa. Si nilimwambia ni kwake? Tulimwita shehe akasoma, akasoma vizuri sana, kisha akanivuta pembeni. "Mgeni umemkaribisha kwa mdomo wako," akasema. "Mie nitajitahidi kuomba, lakini usiniulize atatoka lini."

Nilizoea. Binadamu anazoea kila kitu. Nilichoshindwa kuzoea ni siku tuliyokuwa tunarudi hospitali, mama Asha amelala kiti cha nyuma, na karibu na Mtoni gari likaanza kuyumba. Nikasimama, nikashuka, nikashika nati za tairi la kushoto. Zote zilizunguka kwa vidole. Nilizikaza jana yake kwa mikono yangu hii, kwa spana, nikaikanyaga spana kwa mguu. Nikakaa chini pale barabarani, malori yananipita, nikashindwa hata kuomba dua.

Toka siku hiyo naendesha na spana mapajani. Nakaza kabla ya kuondoka, nakaza Mtoni, nakaza kwenye maegesho ya hospitali. Nikirudi zamu, kabla sijavua viatu, nazunguka nyumba na bisibisi, milango, meza, kitanda, hadi miguu ya feni. Mama Asha ananitania, "Si wewe uliyetaka zilegee?" Tunacheka. Tutafanyaje?

Jana asubuhi alikuwa anapiga mswaki, akaniita. Hakuwa anacheka. Akaweka kidole kwenye jino lake la mbele, likacheza. La pembeni yake nalo likacheza. Huenda ni ugonjwa, daktari tutamuuliza keshokutwa, ila juzi magharibi tulisikia hodi. Nati najua kuzikaza. Jino nitalikaza kwa spana gani?

Kwa hiyo wewe unayesoma, sikiliza maneno ya mtu aliyechoka. Mtu usiyemjua akija magharibi akakutoa kwenye shida, mpe maji, mwambie asante, mwambie kwaheri, ufunge geti. Lile neno la kumkaribisha tena limeze, hata kama adabu inakukaba koo. Mie sikulimeza. Hapa ninapoandika adhana imeshaanza, spana iko mapajani, na mama Asha amekaa kitandani amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.