Eva Alikula Itunda

Vumbi likinyunyiziwa maji kabla ya kufagiwa hutoa harufu ya peke yake. Ni harufu ya udongo uliodanganywa kwamba mvua imekuja. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kusafisha kanisa hapa Utemini. Ndani siku hizi ni vigae, unapiga deki unamaliza, lakini uwanja bado ni udongo wetu wa Singida, na sisi akina mama wa umri wangu ndio tunaojua kuufagia bila kuwatimulia vumbi majirani. Nilikuwa nimechoka. Niseme kweli, siku hizi nachoka kabla sijaanza: kazini wiki nzima, kwaya Jumatano, kamati ya ujenzi Alhamisi, msiba wa mtu Ijumaa. Nikanyunyiza maji, nikainama na ufagio, harufu ile ikanipanda puani, nikabaki nimeinama hivyo hivyo. Mwenzangu akaniuliza kama ni kiuno. Nikamwambia ndiyo, ni kiuno, maana ningeanza kumsimulia habari za Bibi tusingeumaliza uwanja.

Ninyi nitawasimulia, kwa kuwa hamna ufagio mkononi.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, kijijini Iramba. Baba na mama walikuwa wakihangaika kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke, leo shimo hili kesho lile, na katika mahangaiko hayo hakuna aliyekumbuka kunibatiza. Kwa hiyo nilifika kwa Bibi nikiwa mtoto mkubwa tu, najua kupepeta uwele na kuchunga mbuzi, lakini sina jina la kanisani.

Bibi alikuwa mke mdogo wa Babu. Mke mkubwa, ambaye sote tulimwita Bibi Mkubwa, alikaa nyumba ya ng'ambo ya uwanja. Wake wenza wengine husemana kwa mafumbo na kunyimana moto, lakini hawa wawili waliazimana chumvi, na Bibi alimwita mwenzake "dada" na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, hata siku ambazo walikuwa wamenuniana. Babu alikuwa mtu mpole wa kulima alizeti na kukohoa. Kanisani alikuja Krismasi na Pasaka, akakaa benchi la mlangoni, akatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Kanisa letu lilikuwa la tofali za kuchoma, bati juu, udongo chini. Kila Jumamosi Bibi alilifagia. Zamu zilitangazwa vizuri kabisa, kwa majina, lakini wenye zamu walijua Bibi atakuwepo, basi huyu akaumwa jino, yule akapata mgeni. Mimi nilibeba ndoo ya maji kutoka kisimani, na kwetu kisima si cha hapo nje. Bibi alinyunyiza kwa kiganja, akafagia kutoka madhabahuni kuja mlangoni, akafuta mabenchi, akaosha lile bakuli jeupe la ubatizo ambalo rangi yake ilikuwa imebanduka ukingoni. Akimaliza, alikaa benchi la nyuma kabisa, ufagio magotini, akasali.

Sala za Bibi ndizo za kwanza nilizozijua. Alisali kwa Kinyiramba. Kwa lugha yetu Mungu anaitwa Itunda, yule aliyeumba. Bibi alisema "Itunda," akavuta pumzi ndefu, akanyamaza, kisha akasema tena "Itunda," kama mtu anayeita jirani wa ng'ambo ya korongo na hana nguvu ya kupaza sauti. Sehemu kubwa ya sala yake ilikuwa kupumua. Nami nilikaa pembeni yake nikapumua pia, nikiamini ndivyo kusali kulivyo. Mpaka leo, nikizidiwa, nasali hivyo.

Sasa, mafundisho ya ubatizo tulifundishwa kwa Kiswahili. Mwinjilisti wetu, tuliyemwita Mwinjilisti Yona, alikuwa Mnyiramba kama sisi, lakini aliona Kiswahili ndicho chenye heshima ya kanisani. Siku moja akatufundisha habari za Adamu na Eva. Kulikuwa na bustani, akasema, na katikati ya bustani kulikuwa na mti, na Eva akachuma tunda akala.

Masikio yangu yalikuwa bado ya Kinyiramba. Kiswahili nilikijua cha "mwalimu naomba kutoka nje" na si zaidi ya hapo. Maembe niliyajua, mapapai niliyajua, lakini neno la kuyakusanya yote kwa pamoja nilikuwa sijakutana nalo. Mimi nilisikia kwamba Eva amekula Itunda. Ile "i" ya mbele nilidhani Waswahili wameikata kwa haraka zao, maana nilishaona wanakata maneno mengi. Na wala sikuona ajabu kwamba Mungu alikuwa mtini. Si tulifundishwa kwamba Yesu naye aliangikwa mtini? Niliona mambo yanaingiana vizuri. Wenzangu waliitikia tu. Mimi nilielewa mpaka nikaogopa. Ndiyo maana watu wanalima kwa jasho, nikawaza. Ndiyo maana Bibi amechoka hivi. Mtu amle Mungu, halafu dunia ibaki salama?

Kisha ikaja Jumapili ya chakula cha Bwana. Mchungaji alikuja mara chache, kwa pikipiki, na akija alibatiza na kugawa meza ya Bwana kwa pamoja. Alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa wetu, Kinyiramba hakijui. Akainua mkate, akasema huu ni mwili wa Bwana. Watu wakainuka kwa mstari, wakaenda kula. Wanarudia! Kosa lile lile la Eva, na wanalirudia mbele ya watoto!

Nikageuka kumtafuta Bibi. Bibi hakuwa kwenye mstari. Alikuwa benchi la nyuma, amekaa, mikono mapajani. Bibi Mkubwa alikwenda, akapokea, akarudi anatafuna amefumba macho. Nami nikaelewa, kwa akili yangu yote ya utotoni, kwamba katika kijiji kizima ni Bibi yangu mmoja aliyekataa kumla Mungu. Nilijivuna, jamani. Bibi Mkubwa nilimwonea aibu wiki nzima, hata karanga zake nikazikataa.

Siku ya ubatizo wetu tulisimamishwa mbele kuhojiwa kidogo, ili washarika waone kwamba tumefundishwa. Babu alikuja, benchi lake la mlangoni. Bibi alikuwa amenishonea gauni jeupe kutokana na shuka, na usiku wake wala hakulala, maana jambo hili alilitaka kuliko mvua. Kila mara aliniambia, "Wewe utaingia. Wewe lazima uingie." Sikujua kuingia wapi, kanisani si nilikuwa naingia kila Jumamosi na ndoo?

Mchungaji akanifikia mimi. Akatabasamu, akaniuliza swali jepesi apate kunitoa woga.

"Haya binti, Eva alikula nini bustanini?"

"Alikula Itunda, Mchungaji."

Kanisa likacheka. Lilicheka mpaka bati likasikia. Mchungaji akatazama huku na huku, Mwinjilisti Yona akamnong'oneza maana yake, naye mwenyewe akacheka kidogo, kwa upole. Akaniuliza nani kanifundisha hivyo. Mimi kicheko kilikuwa kimeniuma, nikaona heri niseme yote.

"Hakuna aliyenifundisha. Naona kwa macho. Na ninyi wote mnamla hapa kila mchungaji akija. Bibi yangu peke yake ndiye hajamla hata siku moja."

Kicheko kilikatika. Watu wakatazama sakafu ile aliyoifagia Bibi. Babu pale mlangoni akavua kofia ambayo hata hakuwa ameivaa vizuri, akaikunja. Nikajua nimesema kitu, lakini nini, sikujua.

Bibi akasimama kule nyuma. "Mchungaji," akasema, "mtoto ni mtoto. Usimwache kwa ajili yangu. Tafadhali mbatize."

Mchungaji aliniita, akanishika kichwa. Bibi hakuruhusiwa kusimama nami kama mama wa ubatizo, kwa hiyo alisimama Bibi Mkubwa, akanishika bega kwa nguvu hata pakaniuma. Nikaitwa Debora. Maji yalikuwa ya baridi, nami niliyabeba mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani nikamwuliza, "Bibi, kwa nini wewe huli?" Akanitazama. Nikamweleza ninavyojua mimi, habari za Eva na mti na mstari wa watu. Bibi alicheka mpaka akakaa chini kando ya njia, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, na machozi hayakuisha pamoja na kicheko.

"Kwa hiyo mimi ndiye mtakatifu wa kijiji hiki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Acha iwe hivyo hivyo, mjukuu wangu. Nimechoka, nipe mkono niinuke."

Akaniachia imani yangu ile. Kwamba tunda ni embe na papai na mengine ya mtini, nililijua shuleni baada ya muda si mrefu. Hili jingine lilinichukua miaka. Nilikuwa sekondari ndipo Mwinjilisti Yona akanieleza, bila kunitazama usoni, kwamba kwa utaratibu wa kanisa letu enzi hizo mke wa pili hakubatizwa wala hakufika mezani maadamu mume yupo hai na mke wa kwanza yupo. Ili abatizwe ilimpasa aachane na Babu, na Bibi hakuona kosa la Babu la kumwachia. Basi akakaa nyuma. Aliwahi kuuliza, nikaambiwa, na Mwinjilisti alimjibu, "Mvumilivu hula mbivu." Bibi akamwambia, "Au mbovu," akaenda kuosha bakuli.

Babu alifariki nikiwa karibu kumaliza shule. Matanga yalipoanuliwa, Mwinjilisti Yona alikuja, naye kazeeka, anatembea na fimbo. Alikuja na furaha. Akaamkia, akakaa, akasema sasa hakuna kizuizi tena; Mchungaji akija mwezi ule Bibi anaweza kubatizwa.

Bibi alikuwa anachambua mlenda. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnamngoja afe," akasema.

Mzee wa watu akakosa pa kuweka fimbo yake. Bibi hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyouliza mtu aliyetembea mbali akafika, akaambiwa njia ya mkato ilikuwepo. Mwinjilisti alipoinuka kuondoka, Bibi alimwambia hana haja tena ya ubatizo. Amezoea benchi lake. Nikamsihi, akanituma kuni. Nikaona kweli hatakwenda, nami sikuweza kumlaumu.

Jioni Bibi Mkubwa akaja, akakaa naye kwenye mkeka. Kisha Bibi Mkubwa akasema, "Mwenzangu, mimi sikuja kukuhubiria. Kila siku ya meza nikiinuka kwenda mbele, wewe nimekuacha nyuma. Nafumba macho nisikuone. Siku zote hizo. Nimechoka kula peke yangu."

Bibi akaendelea na mlenda wake kidogo. Halafu akasema, "Basi twende, dada." Ni hayo tu waliyozungumza.

Alibatizwa pamoja na watoto wachanga, yeye na mvi zake, na Jumapili ile ile wakaenda mezani wawili, wameshikana mikono, kila mmoja akidai ndiye anayemsaidia mwenzake kutembea. Bibi alipokea kile kipande chembamba cha mkate, akakitazama kiganjani muda mrefu kuliko inavyofaa, mstari ukamngoja nyuma. Akala. Tulipofika nyumbani nikamwuliza ilikuwaje. Alikuwa anavua viatu.

"Kumbe kenyewe ni kadogo hivi," akasema, na akaenda kulala.

Nilicheka. Nilidhani anatania mkate, nikawasimulia na wenzangu. Ilibidi nizeeke kidogo, nikae kwenye vikao vya kanisa, nisikie tukijadili nani anastahili na nani asubiri, ndipo nikaelewa kwamba Bibi hakutania. Alikaa na njaa mbele ya ile meza muda wote wa ujana wake na utu uzima wake, na alipofikishwa akakuta ni kitu ambacho angeweza kumegewa siku ya kwanza, na kisingepungua. Hakukasirika. Mimi ndiye ninayekasirika kwa ajili yake, na hasira hiyo inanichosha kuliko kazi. Lakini kila ninachokijua juu ya Mungu nilikipata kwake, miaka ile ile ambayo kanisa lilisema bado hajaingia.