Sauti ya Ng'ambo ya Bonde

Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi la kutoka Kibondo, nikachukua bodaboda mpaka kwetu, upande wa Rungwe Mpya. Kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata ya mabati ya nyumba ya bibi, kilikuwa mnara wa simu. Wameusimika pale pale kwenye jiwe letu. Nasema letu ingawa jiwe halikuwa na mwenyewe. Kila nyumba ya kilima kile ililitumia kuitia watu wa ng'ambo, na utotoni mwangu mwitaji mkuu nilikuwa mimi. Nikamwomba dereva asimame kidogo. Akadhani nataka kuupiga picha mnara. Nikacheka peke yangu, naye akanitazama kama mgonjwa.

Ngoja nikueleze, maana huenda kwenu haikuwapo. Kwetu nyumba ziko juu ya vilima, mashamba ya maharage yako chini bondeni. Kilima cha pili unakiona vizuri tu, unaona hadi nani kaanika muhogo leo, lakini kukifikia ni kushuka, kuvuka kijito, halafu kupanda mpaka magoti yalalamike. Kwa hiyo tulikuwa tunaitana. Unapanda juu ya jiwe, unavuta "yemweee", ndivyo Waha tunavyoanza kuita watu, unataja nyumba unayoitaka, kisha unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo watoto wengi waliposhindwa. Bibi alikuwa akisema sauti ina safari yake, iache ifike, usiikanyage kwa nyingine. Ukiitikiwa ndipo unatoa ujumbe, mfupi, maneno ukiyavuta: mbuzi wenu wako kwenye maharage, rudisheni kinu, mgeni amefika. Msiba hauitwi. Msiba mtu anaupeleka kwa miguu, anakaribishwa, anakaa, ndipo anasema.

Basi mimi nilizaliwa na sauti ya kazi hiyo, ila hakuna aliyenipa na ya kazi nyingine. Nikimwomba jirani chumvi, analeta jirani wa tatu. Darasani nilikalishwa nyuma kabisa ili nikijibu mwalimu asishtuke. Wenzangu waliniita King'ora, na walipotaka kunichokoza walikuwa wakiziba masikio hata kabla sijafungua mdomo. Sikujali sana. Bibi alikuwa akinipikia maharage kwa mawese na ugali wa muhogo, ananitazama ninavyokula, anasema sauti kubwa inataka tumbo lililojaa, ongeza.

Nilianza kujali nikiwa darasa la sita, mwaka 2013, kwa sababu ya kwaya. Kwaya yetu ya kanisani ilialikwa Kasulu mjini kushindana na kwaya nyingine. Nilikuwa sijawahi kuiona Kasulu. Nilisikia tu habari zake kwa waliokwenda sokoni: maduka yamepangana, vitenge vinaning'inia mpaka barabarani, sambusa zinauzwa asubuhi. Lori lilikuwa limeshapatikana, na mwalimu wa kwaya alishasema litapanda waimbaji peke yao. Nilitamani kupanda lori lile hata nikawa naota nimeshika bomba lake.

Mazoezi yalipoanza, nikawa nawafunika wenzangu. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mkulima wa maharage kama sisi sote, na alijaribu kila njia. Alinisogeza nyuma, akanigeuza nikatazama ukuta, mwisho akaniambia nifungue mdomo tu, sauti nisitoe. Unajua kuimba bila sauti kulivyo? Ni kama kutafuna hewa. Nilivumilia, lakini tulipofika kwenye kiitikio, pale panapopanda, sauti ilitoka yenyewe, na mstari mzima wa sauti ya kwanza ukapotea njia. Mwalimu akaweka fimbo yake ya kuongozea juu ya benchi. Akasema taratibu kwamba mwaka huo nipumzike. Binti mmoja nyuma yangu akanong'ona, "King'ora kimezimwa," wakacheka. Mimi nikatoka.

Bibi alinikuta nalia jikoni, nikamweleza. Alikuwa anakoroga uji wa mtama, hakuacha kukoroga.

"Kwa hiyo wanataka uitie maji, kama uji?" akasema. "Haiwezekani, mama. Futa machozi upande kwenye jiwe, mwambie yule wa ng'ambo aniletee mchi wangu wa kutwangia. Wameukalia tangu juzi."

Sikutaka. Nilijiambia sauti yangu sitaitoa tena, niifunge mpaka niwe mtu mzima. Lakini mchi ulikuwa unatakiwa, na bibi haongezewi maneno. Nikapanda. Jua lilikuwa linaelemea upande mmoja, bonde zima lina moshi wa majani yanayochomwa shambani, na kwa kuwa nilikuwa na uchungu, nikaita polepole kuliko siku zote. Nilivuta "yemwe" mpaka pumzi ikaisha. Nikanyamaza. Kule ng'ambo nikaona watu wawili wameinua vichwa. Mmoja alikuwa jirani mwenye mchi wetu. Wa pili alisimama katikati ya maharage yake ameegemea jembe, na hakuinama tena mpaka nikamaliza ujumbe wote.

Kesho yake huyo wa pili akaja kwetu. Alikuwa mwalimu wa kwaya. Bibi akampa kigoda na kikombe cha uji, akakaa muda mrefu akizungumza habari za mvua, kama desturi. Halafu akanigeukia.

"Binti, jana nilikusikia nikiwa shambani kwangu," akasema. "Ilikuwa inafika laini, kama inabebwa. Kumbe kosa ni langu. Nilikuwa nakusimamisha karibu mno."

Jumamosi ile akanipeleka uwanja wa mpira, mbali na kanisa, akanisimamisha golini. Kwaya ikabaki ndani, madirisha wazi. Nilitakiwa kuanza wimbo peke yangu kutoka golini, kisha ninyamaze, na wao waitikie sauti ikishawafikia. Mara ya kwanza walinivamia katikati. Nikawapelekea maneno ya bibi: iacheni ifike. Tukarudia, tukarudia, mpaka yule binti wa King'ora akawa ndiye anayewazuia wengine kwa kiwiko.

Lori nililipanda. Vumbi jekundu lilitujaa mpaka kwenye kope, tuliimba njia nzima, na Kasulu ikatokea kweli na vitenge vyake. Zamu yetu ilipofika, wenzangu walijipanga mbele ya watu, nami nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya mikaratusi, mbali, mahali ambapo sikumwona hata mwalimu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kama nikiita na hakuna anayeitika? Nikafunga macho, nikaliona bonde letu, nikavuta.

Nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu, jamani. Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la karanga kichwani alisimama akalishusha chini. Halafu kutoka upande wa pili wa miti, kwaya nzima ikaitika.

Ushindi walichukua wengine. Sisi tulipewa sufuria kubwa, na sambusa nilikula. Nilipofika nyumbani nikataka kumsimulia bibi, akanikatiza, akasema alisikia yote akiwa palepale uani, ila ubeti wa pili nilichelewa kidogo. Na kweli nilichelewa. Mpaka leo sijui nani alimwambia.

Siku hizi natangaza safari za mabasi stendi ya Kibondo, na Jumapili naanzisha nyimbo. Nina ndoto ya redio, usinicheke. Kule kwetu hakuna tena anayeitana. Mbuzi wakiingia kwenye maharage inapigwa simu, na watoto wa sasa hawajui kunyamaza baada ya "yemwe", kwa sababu hata "yemwe" hawaivuti. Inaniuma kidogo, nisikufiche.

Ila bibi bado yupo, na simu anayo. Majirani wanasema nikimpigia hutoka nje, akasimama uani, akageuza uso upande wa Kibondo, ndipo anaongea, kwa sauti yote. Ananitaja, ananyamaza, anangoja. Nami huku stendi naishika simu mbali na sikio, mkono umenyooka kabisa, na bibi ananifikia laini.