Mishubiri Nje ya Ua

Leo binti yangu alileta mche wa mshubiri, akaupanda bustanini. Jani moja likavunjika, utomvu wa manjano ukanichuruzikia kidoleni, na ile harufu ya utotoni ikanipanda puani.

Baba alikwishampa mama talaka. Mama alikubaliwa kukaa chumba cha uani mpaka mdogo wangu aache ziwa tu, kisha arudi kwao Bukene na kutuacha. Ndiyo maana asubuhi moja aliing'oa mishubiri yote ya kando ya bafu, akaivurumisha nje ya ua. Bila shubiri ya kupaka kwenye chuchu, mtoto angeachishwaje?

Kiangazi kikaja. Ile mishubiri ikashika mizizi palepale ilipoangukia, bila mtu kuimwagilia hata tone.

Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kupanda hata mchicha, aliingia na jani la ile mishubiri mkononi.

"Wifi, mtoto huyu anakimbia sasa. Mpake."

Mama akapaka. Mdogo wangu alinyonya, akakunja uso, akalia. Kisha akarudi akanyonya tena, pamoja na uchungu wake, huku amemshika mama shingo.

"Ongeza," shangazi akasema.

Siku ya treni ya kumrudisha Bukene, mama alimfunga mtoto mgongoni kwangu kwa khanga yake mwenyewe.

"Huu mshubiri hausumbui, mama," binti yangu aliniambia, akishindilia udongo. "Hata ukiutupa, unachipua."

"Najua," nikamjibu, nikaenda kunawa mikono.