Msemaji na Vidonge vya Mafua

Kwa miaka kumi na minane, familia yoyote ya mji wa Chaka iliyokwenda kuomba msichana wa kuoa ilimtafuta kwanza Mutahi, muuza mbegu za viazi. Aliweza kumsifu kijana asiye na kazi mpaka mama mzazi akajiuliza ni nani huyo anayezungumziwa.

Miaka miwili ya mwisho mkojo ulianza kumsumbua. Ulimwita kila nusu saa, na akienda anasimama kama mtu aliye kwenye foleni ya pensheni, kisha yanatoka matone. Alisema ni baridi ya mlima. Mlima haukujitetea.

Shida ni kwamba katika maombi ya uchumba msemaji hatoki nje. Akiinuka, wenyeji husema maneno yamemwishia. Lakini Julai alipata mafua, na vidonge alivyonunua vikampunguzia safari za chooni. Mwingine angeuliza kwa nini. Mutahi aliweka akiba.

Mwana wa ndugu yake, Muchiri, alikuwa anamposa Nyawira, muuguzi, binti wa Wambugu wa karibu na mji wa Nyeri. Asubuhi ya siku ya maombi Mutahi alimeza vidonge vitatu kwa mpigo.

Langoni kwa Wambugu walizuiwa kwa muda, wanawake wa ndani wakiimba kama desturi ilivyo. Mutahi alijificha nyuma ya gari akajaribu. Halikutoka hata tone. Ndani akapokelewa kwa kibuyu cha uji uliochacha, na uji wa wakwe haukataliwi. Akanywa, tumbo likiwa gumu kama ngoma.

Hotuba yake ilikuwa fupi ajabu. Wazee walisifu busara yake. Wambugu alisema leo msemaji wao amepima maneno kwa kijiko, watu wakacheka, na Mutahi akacheka kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa hata kucheka kuliuma.

Nyawira akaitwa alete kibuyu cha pili, ishara kwamba amekubali. Alipoinama kumpa Mutahi, aliona jasho na mkono uliokandamiza tumbo.

"Baba," alinong'ona, "umekojoa mara ya mwisho saa ngapi?"

"Alfajiri. Kidogo tu."

"Umemeza dawa gani?"

Akamwonyesha pakiti. Alikuwa hajamwonyesha hata mke wake.

"Hii ndiyo imekufunga. Inuka twende."

"Siwezi. Ati watasema nimeshindwa."

"Hata kwa mazishi yako watasema hivyo. Inuka."

Basi wageni wakamwona msichana anayeombwa akiondoka na msemaji, amemshika mkono, na Wambugu akauliza kama upande wa mume umebadilisha mwombaji.

Hospitalini walimtia mrija, ikatoka karibu lita moja na nusu. Daktari alimweleza kwamba tezi dume imekua, kama inavyokua kwa wanaume wengi wenye umri wake, na imebana njia ya mkojo. Vidonge vya mafua huikaza njia hiyo zaidi. Angekaa hivyo, figo zingeumia. Wakamtoa damu kupima kama kuna saratani. Majibu yalirudi mazuri. Kilichomchoma Mutahi ni neno "umri".

Wiki mbili alikaa nyumbani na mfuko wa mkojo umefungwa pajani, akimeza vidonge vya kulegeza njia. Majirani waliambiwa anaumwa mgongo. Maombi, alisikia, yalimalizika bila yeye kwa saa moja, bila methali hata moja. Hilo alilibeba kimya zaidi kuliko mfuko.

Siku ya kutolewa mrija alipewa jagi na kuambiwa anywe maji, kisha akojoe humo. Akishindwa, mrija unarudi. Walikuwa wanaume watatu kwenye benchi, kila mmoja na jagi lake, hakuna anayemtazama mwenzake. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Muuguzi wa zamu akaja, akaweka mrija mpya mezani na kuondoka. Saa ya tatu Mutahi aliingia chooni. Alirudi na jagi lililofika kwenye alama ya mililita mia mbili na arobaini.

Wakapima kilichobaki kibofuni; kilikuwa kidogo. Akaambiwa aendelee na vidonge kila jioni, asiguse dawa ya mafua bila kuuliza, arudi baada ya wiki sita. Vidonge vikishindwa, kuna upasuaji.

Mutahi akauliza kama mwezi ujao anaweza kwenda kuwa msemaji wa familia nyingine.

"Unaweza," muuguzi alisema, "ukikubali kutoka nje kila ukisikia haja."

Mutahi alivaa kofia yake. Alisema hilo si la kuamuliwa na mtu mmoja. Itabidi kwanza wazee wakae kikao.