Chumba cha Mama

Kaka yangu alifanya kazi Ufaransa miaka mingi, akipaka rangi na kuziba nyufa katika majumba ya kale ya matajiri. Aliporudi kwetu kisiwani Rusinga kujenga, majumba hayo yalikuwa yamemjaa kichwani na kwenye simu. Mimi nimeolewa mbali, kule Suna, na kila nilipokuja kumwona mama nilikuta kioja kipya: dari ya plasta yenye maua na majani ya mizabibu yaliyopakwa dhahabu, kuta zilizovikwa mbao za kuchongwa, vioo virefu kupita mtu. Akaweka na meko ya marumaru sebuleni. Meko, yawa! Rusinga, na jua lote hili!

"Utaota moto na nani, na samaki mbuta wa ziwani?" nikamuuliza.

Akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumgombeza.

Nyumba ya mama ilikuwa ng'ambo ya ua, ya udongo, mabati yake yametobolewa na kutu. Mvua ikinyesha, anasogeza kitanda na kutega sufuria. Alikuwa akiumwa kifua. Alichoomba ni mabati tu.

"Ngoja kidogo, mama," kaka akamwambia. "Nakutengenezea chumba cha malkia."

Nikataka kuleta fundi mwenyewe, wazee wakanikatalia. Binti aliyeolewa hagusi paa la mamake wakati mwana wa kiume yupo.

Chumba kikaisha. Hariri ya kijani ukutani, kitanda chenye mapazia, kila kitu. Lakini kaka alikuwa amefuata picha zake bila kuacha kitu. Katika majumba yale vyumba hupangwa mstari mmoja, mlango ukitazamana na mlango, na hakuna ujia. Lazima upite kimoja ndipo uingie kingine. Chumba cha mama kilikuwa cha mwisho. Kabla yake kilikuwa chumba cha kulala cha kaka na mkewe.

Tulimleta mama tukimshika mikono. Alipita sebuleni akishangaa dari. Alipofika mlango wa pili akaona kitanda cha mwanawe, na nguo ya kulalia ya mkaza mwana wake juu yake. Akajifunika uso kwa leso.

"Wuoda," akasema, "mwanangu, unataka nipite kitandani pako? Unatutakia chira?"

Chira ni laana ya kuvunja mwiko, na kwetu si jambo la mzaha. Mtu hukonda, hukonda, mwisho anazikwa. Mzazi halali chini ya paa la mwanawe, seuze kupita chumbani mwake. Hata mtoto mdogo anajua. Kaka naye alijua, ila alidhani ugonjwa ungemlainisha mama.

Tulimrudisha kwake. Nilimfokea kaka mbele ya mkewe. "Una wazimu? Mtilie mabati!"

"Nitamtobolea mlango wake wa nje," akajibu. "Hapo atakuwa na nyumba yake."

Akautoboa kweli, akapasua hariri na maua ya plasta kwa nyundo, kisha akaenda kumwambia.

"Na paa, je?" mama akamuuliza kwa shida. "Si ni lile lile?"

Kaka akasema mama atazoea tu, tusimharakishe. Mvua za masika hazikungoja. Nilimkuta mama blanketi limelowa, anatetemeka, kifua kinakoroma. Tulimkimbiza hospitali Homa Bay, akafia huko. Nilimchukia kaka yangu siku ile, namwambia yeyote anayeuliza.

Kwa mila yetu, maiti ya mama ililazimika kulala katika nyumba yake kabla ya kuzikwa. Asubuhi ya kuletwa jeneza kaka alichukua nyundo. Akapanda juu ya paa la banda la gari lake, akang'oa mabati yote, mapya, yanang'aa, akayapigilia juu ya nyumba ya mama huku analia kwa sauti.

Mchana mvua ikaja, kubwa. Tulikaa kando ya jeneza, mimi na yeye, tukitazama juu. Halikudondoka hata tone. Sufuria ya mama ilikuwa bado pale sakafuni, kavu.