Jioni Bibi Alipohesabu Nyota

Nilipokuwa mtoto, bibi mzaa baba hakunikataza mambo mengi. Nilipanda miti pamoja na wavulana, nilikula nikiwa nimesimama, na siku niliyovunja chungu chake cha maji alizoa vigae akanyamaza. Lakini kuhesabu nyota alikataza kabisa. Alisema kila mtu ana nyota yake, na nyota za watu wa nyumba moja hukaa pamoja. Ukianza kuzihesabu utaifikia ya mtu wako, na ukishaifikia umemwita. Sikumuuliza anaitwa aende wapi. Kwa jinsi alivyoshusha sauti, nilielewa.

Tuliishi kijiji kimoja upande wa Magu. Baba alifanya kazi Mwanza mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hadi kiwanda kilipopata mmiliki mpya na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Akaingia kwenye mitumba, kama watu wengi wa miaka ile. Alikuwa akija nyumbani mara moja moja, ananuka dawa ile wanayoweka kwenye nguo za robota, na sisi watoto tulipenda harufu hiyo kwa sababu ilikuwa yake.

Mwaka ninaousimulia alirudi na hakwenda tena mjini. Alikuwa amekonda, anakohoa, na shati lilimpwaya kama la kuazima. Shingoni alikuwa amening'iniza darubini ya macho mawili, aliyoikuta ndani ya robota la makoti ya baridi, imeviringishwa kwenye koti la mtu asiyemjua. Mkanda wake ulikuwa umekatika, akaufunga kwa mpira wa baiskeli.

Kilikuwa kiangazi, pamba inavunwa. Jioni, tukishamaliza kula, mama alikuwa akimtandikia mkeka uani na kumwekea gunia la pamba la kuegemea, maana mgongo ulimuuma akilala chali. Aliegemea akiutazama upande wa kusini, juu ya vilima vya mawe, na mimi nilikaa ubavuni kwake nikiishika darubini mikono yake ilipochoka. Alinionyesha nyota nne za Msalaba wa Kusini. Nilitaka kuzikodolea zile zinazong'aa sana, lakini alinizuia.

"Hizo utaziona siku zote," alisema. "Tafuta palipo na ukungu."

Basi nikawa natafuta ukungu. Karibu na Msalaba kulikuwa na nyota moja hafifu ambayo kwenye darubini iligeuka kuwa vinyota vingi, kama shanga zilizokatika uzi. Mbali zaidi, upande wa mashariki, palikuwa na doa ambalo kwa macho matupu ungesema ni nyota yenye usingizi. Kwenye darubini lilikuwa duara jeupe, laini, kama pamba iliyopasuka ikiwa bado kwenye mti. Baba alisema hata yeye hajui ni kitu gani. Alifurahi kutokujua. Sijawahi kumwona mtu mgonjwa akifurahi hivyo.

Mama alitazama mara chache, akicheka kwamba kope zake zinagonga kioo. Bibi hakutazama. Alikaa ametupa mgongo, anabambua karanga, na kila nilipomwita kuja kuona alinijibu kwamba vya juu viachwe juu.

Kisha macho ya baba yakaanza kufifia. Alituambia jioni moja, bila kulalamika, kwamba anaona moshi tu. Hata hivyo aliendelea kutoka nje kila siku na kuniuliza Msalaba uko wapi, na mimi nilimshika kidole nikakielekeza.

Upande wa magharibi wa Msalaba, chini kidogo, lilikuwako kundi alilolipenda kuliko yote. Kwa macho matupu ni alama tu, kama mtu kapitisha kidole chenye unga. Kwenye darubini ni nyota nyingi nzuri, zimetawanyika. Jioni moja aliomba bibi amtazamie kundi hilo amwambie ziko ngapi.

Nilisema mimi nitahesabu. Akasema hapana, anataka mama yake.

Bibi aliendelea na karanga zake. Alimkumbusha kwamba anajua vizuri anachoomba. Baba alisema anajua. Tulimsikia anavyovuta pumzi.

"Mama," alisema tena, "mimi sizioni. Niambie ziko ngapi."

Bibi aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kanga, akaja. Nilimwekea darubini machoni. Mwanzoni hakuona kitu, halafu nikasikia pumzi yake ikikatika, naye akaanza kuhesabu kwa Kisukuma, polepole, akirudia pale alipopotea. Baba alikuwa amefumba macho anatabasamu. Alipomaliza, alimshukuru. Bibi aliokota ungo wake, akaingia ndani.

Baba alifariki kabla pamba ya mwaka ule haijauzwa.

Siku nyingi kabla ya msiba maneno yalikuwa yamekwishaanza. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Ulisemwa kwa kunong'ona, na mara nyingi haukusemwa. Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa, na baba mkubwa Masanja, kaka yake baba, alisema wazi kwamba mama ndiye aliyemmaliza mdogo wake, kwa dawa au kwa njia anayoijua mwenyewe. Aondoke arudi kwao, na watoto wabaki. Mama alikuwa ameketi chini amejifunika, wala hakujitetea. Nilimshika nguo yake kwa nyuma.

Bibi akasimama.

"Huyu hajamuua mtu," alisema. "Nilihesabu nyota. Aliyemwita ni mimi." Kisha akanigeukia. "Kabula, uliniona?"

Watu wote walinitazama. Nilisema nilimwona.

Mke wa ndugu unaweza kumfukuza. Mama yako mzazi utamfukuza vipi? Kikao kikavunjika. Mama hakwenda popote.

Lakini kwetu, miaka ile, mwanamke mzee kukiri jambo kama lile hakukuwa kitu kidogo. Tulikwisha kusikia ya vikongwe waliovamiwa na kukatwa mapanga kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Wanawake waliacha kwenda kisimani pamoja naye. Watoto waliitwa ndani akipita. Alihamia kulala chumbani kwetu, na mama ndiye aliyekuwa akisukuma kinu kuegemeza mlango.

Nikiwa sekondari nilimuuliza kama kweli aliamini alimuua mwanawe. Alikuwa anachambua mchele, akanijibu bila kuinua kichwa.

"Baba yako nilikuwa nimeshamzika. Mama yako alikuwa bado yupo."

Kwa miaka mingi nililichukua jibu hilo kuwa la mtu aliyedanganya kwa makusudi mema, na nilijivunia ujanja wake. Sasa nina watoto, naishi Buswelu, na sidhani tena kwamba alidanganya. Nadhani aliamini kila neno. Alijua kitakachotokea, akafanya kwa sababu mwanawe aliomba. Halafu, kabla hajapata hata nafasi ya kumlilia, akaona hatia ile inaweza kumfaa mtu, akaitoa mbele za watu. Mimi ugonjwa ule najua jina lake na najua ulivyoingia nyumbani kwetu. Ujuzi huo ungemsaidia nini siku ile?

Mama naye aliugua baadaye. Alilala kwenye kitanda chake, chini ya bati alilopaua na mumewe, na bibi ndiye aliyemlisha uji hadi aliposhindwa kumeza. Tulimzika kando ya baba. Baba mkubwa alikuwapo, alishika jembe kama wengine, na msiba ule hakuna aliyesimama kuuliza nani amemuua.